Skrini kuchezacheza kwenye Linux, jamani
Hii kero inachosha aisee, unasasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, vizuri tu, unawasha laptop, ukisogeza mausi kioo kinatulia, ukiacha usome kidogo kinaanza kupepesa kama taa mbovu, na ukichomeka monita ya nje huko hakuna shida kabisa. Halafu watu wanakimbilia kukwambia kioo kimekufa, nunua kingine! Mara nyingi ni draiva tu, ile PSR (Panel Self Refresh) ya kuokoa betri, inayoacha kioo kijionyeshee picha iliyopo pale kisipobadilika kitu. Kwa draiva ya i915, ile ya grafiki za Intel, unaongeza i915.enable_psr=0 kwenye mstari wa GRUB, programu inayoanzisha Linux, unaendesha amri ya update-grub, unawasha upya. Sasa kwa nini kitu kinachosumbua hivi kije kimewashwa tayari, bila hata kitufe cha kukizima kwenye setingi?