Bosi, Angalia Kazi, Si Saa Nilizoonekana Mtandaoni

Kampuni iliyoniajiri iko Nairobi, mimi niko Migosi hapa Kisumu, na kazi inaenda vizuri. Ninachopinga ni ile desturi ya mabosi wengi kutaka aliye nyumbani aonekane mtandaoni tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kana kwamba kuonekana ndiyo kazi yenyewe.

Mpango huo haufai watu wa upande wa ziwa. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, asubuhi huwa shwari. Mchana jua linachoma, alasiri mawingu yanatanda, radi zinaanza, na mara nyingi stima inapotea. Hata isipopotea, mvua ikishapiga mabati hakuna mkutano tena. Unamwona mwenzako kwenye skrini akifungua mdomo na husikii neno. Ukijibu, wao wanasikia mvua tu. Unaandikiwa uzime maikrofoni. Umeonekana, ndiyo, lakini umefanya nini?

Ndiyo maana kazi nzito naianza saa kumi na mbili asubuhi, joto halijapanda. Ripoti, hesabu, chochote kinachotaka kichwa kitulivu, nakimaliza kabla ya saa sita. Barua pepe na simu huachiwa alasiri, maana hizo hata simu ya mkononi yenye bando inaziweza. Usiku kompyuta na pawabenki zinajazwa chaji, wifi ina betri yake ndogo, na tokeni za stima hazingojwi ziishe. Hayo ni juu ya mfanyakazi, na asiyejipanga asimlaumu bosi.

Nyumbani nako kuna watu. Jirani yangu, mama mwenye roho nzuri sana, alizoea kuniachia ufunguo wa fundi, mtungi wa gesi, wakati mwingine hata mtoto. "Si uko tu hapo, baba?" Nikamwambia kwa heshima, "Mama, mlango ukifungwa niko ofisini. Saa saba nafungua." Tangu hapo hodi yake naisikia saa saba. Watu wetu wakielezwa vizuri wanaelewa, kuliko mabosi wengine.

Wako wanaotuma ujumbe saa nne usiku na kutaka jibu papo hapo, kwa sababu eti uko nyumbani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inamtaka mwajiri apange saa za kazi na atoe angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Anayefanyia kazi sebuleni ni mfanyakazi kama wengine. Mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherarkey, alileta mswada wa kumlinda mfanyakazi asisumbuliwe nje ya saa zake. Nauunga mkono kwa moyo wote.

Najua bosi atauliza atajuaje kama sijalala. Atajua kwa kazi. Tukubaliane saa mbili za kukutana sote, tuseme saa tatu hadi saa tano asubuhi, na kila kazi iwe na siku yake ya kufika. Ikichelewa, niulize. Ikifika kwa wakati na iko sawa, saa niliyoiandika isikusumbue. Na gharama ya intaneti tugawane, kwa maana ofisini hakuna anayejinunulia bando ili aitumikie kampuni.