Kimondo kikiwaka, kaa mbali na dirisha

Juzi nimeitazama tena moja ya zile video za kimondo, yaani jiwe la angani, kilichopasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, kule Urusi. Ni Februari 15, 2013, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, gari liko barabarani. Mara anga lote linawaka, vivuli vya nguzo vinazunguka kwenye lami kama mshale wa saa, halafu mwanga unafifia na kuacha mkia mrefu wa moshi mweupe.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Watu waliacha shughuli zao wakaenda madirishani kuushangaa ule moshi. Siwalaumu, mimi ningekuwa wa kwanza. Lakini mwanga hutangulia na kishindo hufuata, kama kwenye mvua ya radi, na jiwe lile lilipasuka kilomita kama 30 juu. Kishindo kilichukua dakika mbili hivi kufika mjini: muda wa kutosha kufungua pazia, kumwita mwenzako na kubandika uso kwenye kioo. Ndipo madirisha yakaingia ndani. Watu karibu 1,500 walikwenda kutibiwa, wengi wao wamekatwa na vioo. Hakufa mtu.

Mwalimu mmoja wa darasa la nne aliwaamuru wanafunzi wake 44 waingie chini ya madawati. Wao walitoka salama. Yeye, aliyebaki amesimama, vioo vilimkata mkono.

Na jiwe lenyewe halikuwa kubwa la kutisha, upana wake mita 20 hivi, kama jengo la ghorofa sita. Ila lilikuja kwa kilomita 19 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Dar hadi Morogoro ni sekunde kumi. Kimondo hakina baruti ndani. Hewa iliyo mbele yake inashindwa kupisha, inasongamana, inakibana na kupenya kwenye nyufa mpaka kinasambaratika, na nguvu yote ya ule mwendo inatoka kwa mpigo. Hapa ilifika kama mara 30 ya bomu la Hiroshima.

Kwa maoni yangu tunatishana kwa kitu kisicho sahihi. Mazungumzo yote ni ya lile jiwe kubwa lililowamaliza dinosaria, wakati mengi ya ukubwa ule yanajulikana yalipo na njia zake zimepigiwa hesabu. Haya madogo ndiyo hatuyajui. La Chelyabinsk lilitokea upande wa Jua, ambako darubini za ardhini hazioni. Cha kuchekesha, siku hiyohiyo wanaastronomia walikuwa wanasubiri jiwe jingine, lililopewa jina 2012 DA14, lipite kilomita 27,700 kutoka duniani. Mlinzi kamkodolea macho mgeni wa getini, mwingine karuka ukuta.

Likionekana mapema, mambo hubadilika. Mwaka 2008 jiwe la mita kama nne liligunduliwa saa zipatazo 20 kabla halijapasuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan, Oktoba 7. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walipanga mistari wakatembea jangwani wakiokota vipande. Vimondo hivyo vikaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli kilichokuwa jirani. Ndiyo, ni sita yetu hii hii.

Anayehofia kupigwa kichwani amsikilize kijana wa Mbale, Uganda. Agosti 1992 kipande cha kimondo cha gramu tatu na kitu kilipita kwenye majani ya mgomba, kikamgonga kichwani. Hakuumia.

Kwa hiyo saa 20 kama zile za Sudan zinatosha. Hazihitaji roketi, zinahitaji tangazo moja redioni na shule ambazo tayari zimewafundisha watoto kwamba anga likiwaka ghafla, unaligeuzia dirisha mgongo, unaingia chini ya meza, na hutoki mpaka kishindo kipite, hata kama dakika mbili zimeisha na kila mtu anakucheka.