Linux ya bure kuwa ya kulipia: mbona fundi tunamnunia?

Jamaa zangu wa IT hapa Mwanza mpaka leo ukitaja Red Hat, kampuni inayouza Linux (mfumo endeshi wa kompyuta), wanasonya. Kisa ni CentOS, Linux ya bure iliyonakiliwa kutoka RHEL, ile ya kulipia ya Red Hat. Desemba 2020 ikatangazwa CentOS 8 inazimwa mwisho wa 2021 wakati watu walishahesabu itapata marekebisho mpaka 2029, ukitaka utulivu ule ule kanunue RHEL. Maneno yakawa "IBM kainunua Red Hat kwa dola bilioni 34, sa hivi anarudisha hela yake kupitia sisi".

Hasira naielewa, ila huyu muuzaji hajasikilizwa kabisa. Programu huria sio lazima iwe bure, leseni ya GPL, ambayo Linux inaitumia, haijawahi kukataza kuuza, inachotaka ni ukimpa mtu programu umpe na sosi kodi yake, yaani maandishi yaliyoiunda. Na walishafanya hivi 2003, walipoachana na Red Hat Linux ya kudaunlodi wakabaki na RHEL ya hela na Fedora ya bure, hatukusikia sana maumivu kwa sababu 2004 CentOS ikaja ikatubeba.

Kinachouzwa pale ni miaka 10 ya marekebisho, na hapo ndo watu wanaparukia. Nina seva niliifunga 2015 kwa tajiri wa dagaa Mwaloni Kirumba, CentOS 7, iko chini ya meza pembeni ya mizani, feni imejaa vumbi na harufu unaijua mwenyewe. Miaka 9 kazi yangu ilikuwa kuandika amri ya yum update, basi, marekebisho yanashuka. Sasa kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ni 3.10, ya 2013! Maana yake kuna mtu wa Red Hat kakaa mahali anachukua tundu la usalama lililogunduliwa 2023 anatengeneza kiraka kikae kwenye kerneli ya zamani bila kuvunja kitu, mwaka baada ya mwaka. Mtumbwi hata kama mbao umepewa bure, kalafati ni kila mara, na sijaona mtu hapa mwaloni anamwambia fundi kalafati afanye bure eti kwa sababu mbao zilikuwa za msaada.

Pa kuwabana papo. Ile 2029 kuwa 2021 hawana utetezi, ahadi ni ahadi. Juni 2023 tena sosi kodi ya RHEL ikabaki kwa wateja, hadharani wakaacha ya CentOS Stream tu, toleo linalotangulia RHEL, kisheria wanajitetea ila haikupendeza. Na bei ni ya dola, 300 na ushee kwa mwaka kwa seva moja na hapo huna wa kumpigia simu, kwa tajiri wangu hiyo haipiti. RHEL ya bure wanayoitoa kwa mashine 16 ni ya mtu binafsi, kampuni haihusiki.

CentOS 7 ilipokufa Juni 2024 nikamhamishia AlmaLinux, Linux nyingine ya bure inayofanana na RHEL, usiku kucha, umeme ukakatika mara mbili. Asubuhi tajiri kauliza hiyo mpya shilingi ngapi, nikasema bure. "Sasa kama ni bure, hiyo laki unayonidai ya nini?" Tumebishana mpaka saa nne, nikaondoka na elfu sitini na kisado cha dagaa.