Ng'ombe Kaongea, Shangazi Kasingiziwa

Wapo wanaume wenye mkono wa birika. Wangu mimi ni birika lenyewe, na kifuniko chake. Kamati ya familia ilipoletewa bei ya mpiga video wa siku ya mahari ya mdogo wangu, Baba Neema alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza kuisoma.

"Simu ninayo, laptopu ninayo, programu za kuediti za bure zimejaa mtandaoni. Hela hiyo iende kwenye pilau."

Likishatajwa pilau, kamati gani itapinga? Makofi yakapigwa, mpiga video akafutwa, mume wangu akawa ofisa habari wa ukoo.

Mahari ililetwa nyumbani kwa mama, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Kwa asiyetujua Wasukuma: ng'ombe wa mahari kwetu si jina la noti zilizofungwa kwenye bahasha. Ni ng'ombe. Wanakuja kwa miguu yao, wanakaguliwa mbele ya watu, mwenye kasoro inatajwa kasoro yake, naye anasikia. Kaka yetu mkubwa yuko Kanada, hakuweza kuja, na alikuwa ameshasisitiza kwamba anataka kuona kila ng'ombe na kusikia kila neno. Baba Neema akasimamisha simu kwenye stendi, mwisho wa meza kuu, kando kabisa ya kiti cha mama kwa sababu hapo palikuwa na kivuli. Akabonyeza kurekodi, akaenda zake kusimamia lile pilau alilolipigania. Baada ya muda kivuli kilihama. Simu haikuhama.

Kuchagua programu ndiko kulikotunyima usingizi. Kijana mmoja kazini kwake alimwambia kwamba wenye filamu zao huko Marekani wanatumia DaVinci Resolve, na ni bure. Kweli ni bure. Inatolewa na kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, na anayetaka lile toleo kubwa liitwalo Studio analipa dola 295 mara moja, basi. Tatizo ni kwamba inataka kompyuta yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 16 hivi na kadi ya picha ya maana, wakati laptopu yetu ni ya mtumba yenye gigabaiti 4. Kuiwekea programu ile ni kutaka mtumbwi wa dagaa ubebe abiria wa meli ya Ukerewe. Faili lenyewe la kupakua ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo bando la mwezi lilikata roho kabla programu haijafunguka. Ilipofunguka, ilionyesha dirisha zuri sana, kisha laptopu ikaganda. Feni ikapiga kelele mpaka Neema akaamka akauliza kama mvua imeanza.

Akakumbuka Movie Maker aliyoitumia chuoni. Akaitafuta, akaipata kwenye tovuti fulani, akakesha anakata na kuunga. Alipobonyeza kuhifadhi, ikamjibu kwamba kuhifadhi ni huduma ya kulipia, karibu dola 30. Mume wangu aliitazama ile bei kwa macho ya mtu aliyetapeliwa stendi. Baadaye tukaja kuelezwa kwamba Movie Maker ya kweli Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017, na mwaka huohuo kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ikaonya watu kuhusu tovuti iliyokuwa inagawa ya bandia, inayokuachia ufanye kazi yote ndipo ikudai mwishoni. Hata matapeli wa minada yetu hawana subira hiyo.

Ya tatu ilikuwa toleo la majaribio. Ilihifadhi vizuri tu, ila ikabandika jina lake katikati ya picha, kutoka sikio la bibi harusi mtarajiwa hadi sikio la mshenga. Mama alipoonyeshwa kipande kwenye simu, akauliza:

"Huyu alichanga shilingi ngapi mpaka jina lake limekuwa kubwa kuliko letu?"

Ya nne sitaitaja. Ilikuwa bure, nyepesi, haikuandika kitu usoni mwa mtu. Baba Neema alitazama dakika chache za mwanzo, akaona mambo safi, akahamishia video kwenye flashi na kutangaza kwenye kundi la familia kwamba Jumapili baada ya ibada watu wote wakutane Kisesa. Kwa mbwembwe zake akawaalika na wakwe, na mshenga.

Jumapili tukapanda daladala kutoka Nyegezi, yeye kaishikilia flashi mfukoni safari nzima, Buzuruga, Igoma, mpaka tunashuka. Sebule ya mama ilijaa hadi barazani. Wazee kwenye makochi, wakwe kwenye viti vya plastiki, watoto chini ya televisheni. Baba mkubwa akaomba utulivu. Video ikaanza vizuri: sala ya kufungua, salamu, "mwadila" huku na "mwadila" kule. Baba Neema akanikonyeza.

Sijui ilianzia wapi hasa. Nilichoona ni kwamba watu kwenye video wanacheka na kicheko hakipo, halafu wakinyamaza ndipo kicheko kinakuja. Nikadhani ni televisheni ya mama. Kisha ng'ombe mmoja akanyanyua shingo, akapanua mdomo, kimya. Hakutoa hata pumzi. Mshenga naye akasimama, akarekebisha koti, akaweka mkono kifuani kwa heshima, akafungua kinywa, na humo ndimo ng'ombe alipolilia.

Watoto walilala chini. Wazee walijikaza, maana mshenga mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, soda mkononi. "Endeleeni," akasema, "hitilafu ndogo." Lakini kadiri video ilivyokwenda ndivyo sauti ilivyozidi kubaki nyuma. Bibi mmoja wa upande wa wakwe alipanda kutoa shukrani kwa sauti nzito ya baba mkubwa. Mchungaji alifumba macho kuombea ng'ombe, zikamtoka vigelegele. Ngoma ilichezwa bila ngoma. Watu wanarusha miguu huku tunasikia mtu anauliza wapi zimewekwa sahani.

Tukafika utambulisho wa wageni. Pale ndipo nilipotamani kutoka nje. Siku yenyewe, baba mkubwa alikuwa amemkagua ng'ombe wa mwisho kwa maneno yake yasiyo na chumvi. Sasa sauti ile ikaja kuangukia picha ambapo mshenga amemshika mkono baba mdogo wa bwana harusi, bwana mmoja mrefu, mwembamba, mpole, anamsimamisha watu wamwone. Sauti ya baba mkubwa ikasema:

"Huyu amekonda, na hapa mbele amepinda kidogo, lakini tutampokea hivyo hivyo. Nyasi zipo, atanenepa."

Bwana yule alikuwa amekaa safu ya pili. Aliyeanza kucheka ni mkewe. Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka, huku anampigapiga mumewe begani: "Umesikia lakini, baba? Nyasi zipo!" Naye akatabasamu kidogo, nyumba nzima ikapasuka.

Kama tungeishia hapo, ingekuwa sherehe. Lakini kwenye picha shangazi yetu alikuwa amemwinamia jirani yake, anatafuna karanga, mdomo unakwenda. Na kwenye sauti ukaja mnong'ono wa mwanamke, wa karibu kabisa, kila neno linasikika:

"Huyu mshenga naye, analipwa kwa neno?"

Kicheko kikakatika. Mshenga akaweka soda chini. Watu wote wakageuka kumtazama shangazi.

"Sikusema mimi!" shangazi akaruka. "Nilikuwa natafuna karanga!"

"Tumeona mdomo," akajibu mtu kutoka barazani.

"Mdomo ulikuwa wa karanga! Si mmeona hata mchungaji kapiga vigelegele?"

Hoja ilikuwa na nguvu, lakini kwenye familia mtu akishatuhumiwa kwa jambo analofanana nalo, hoja haisaidii. Mama alitikisa kichwa taratibu. "Wifi yangu," akasema kwa huzuni, "hata kama ni kweli anaongea sana, mgeni ni mgeni." Shangazi alichukua mkoba wake akaondoka bila kunywa chai. Baba Neema akachomoa flashi kwa haraka.

Kwenye chumba chetu cha uani amepanga kijana anayesoma mambo ya habari pale SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Tulipomsimulia, alicheka kwanza, ndipo akaomba faili halisi la simu. Akatueleza kwamba simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya fremu, yaani zile picha mojamoja zinazounda video, kila sekunde. Mwanga ukififia au simu ikipata joto, inapunguza: mara 30, mara 29, mara chini ya hapo. Sauti yenyewe inafuata saa ya kweli. Sasa ukiipeleka kwenye programu inayodhani fremu ni 30 mwanzo mwisho, picha inakimbia na kuiacha sauti. Zikipungua kwa asilimia 1 tu, ndani ya dakika 40 sauti imechelewa kwa sekunde 24.

"Na hii yenu ni saa moja na nusu, baba," akasema. "Halafu simu iliwekwa juani?"

Baba Neema akatazama dari.

Dawa nayo ilikuwa ya bure, jambo lililompendeza mwenye nyumba. Kijana akapitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha mafaili ya video, akaiamuru fremu ziwe sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi iliyochukua usiku kucha kwa laptopu yetu. Kisha akamwekea Shotcut. Ni programu huria, haidai kitu na haiandiki kitu, na ikikuta faili la fremu zisizotulia inakuuliza kwanza kama ulibadilishe. Laiti tungeanza nayo, shangazi angekunywa chai. Kdenlive nayo ni ya ukoo huo. Zote mbili zinaweza kukutengenezea nakala nyepesi za video, ukakata kwa hizo bila kuitesa mashine, na mwisho zikatoa kazi kutoka kwenye faili halisi. Mwenye Windows 11, alisema, asihangaike: Clipchamp, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2021, tayari imo ndani, na inahifadhi hadi ubora wa picha wa 1080p bila kubandika jina. Yetu ni Windows 10, na hiyo nayo inachechemea.

Kesho yake tukakaa watatu kutazama. Ng'ombe akalia kwa mdomo wake. Mchungaji akaomba. Mshenga akahutubia, akahutubia, na ilipofika ule mnong'ono, pembeni ya picha, karibu kabisa na simu, kulikuwa na nusu uso na kilemba cha njano, na midomo inakwenda neno kwa neno: huyu mshenga naye, analipwa kwa neno?

Kilemba kile nilikinunua mimi, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mama.

Kijana wa watu akakumbuka ana kipindi, akaondoka. Nikampigia mama simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, akasema sauti za wanawake zinafanana. Nikamwambia kilemba je? Akasema mtandao unakata. Jioni ileile, mwanamke ambaye kutoka Kisesa kuja Nyegezi huwa anaomba notisi ya wiki mbili, alikuwa mlangoni kwetu na kikapu cha sato.

Kwa heshima ya ukwe, mama na Baba Neema hawakai karibu. Mume wangu alikuwa mezani na laptopu, mama akaweka kigoda mlangoni, akageukia nje, akawa anaongea na uwanja.

"Nasikia ile nyingine imekamilika. Mimi naona ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Watu walifurahi. Si ndiyo apelekewe mwanangu huko Kanada?"

"Mama, na shangazi?" nikauliza.

"Shangazi yako atasamehewa. Mimi nimeshamsamehe."

Simu yangu ilikuwa inaita tangu mchana. Ni shangazi, keshasikia. Sikupokea. Baba Neema, kwa sauti ya chini ya mkwe, akaueleza uwanja kwamba hakuna haja ya kufuta chochote, kwa sababu kipande chochote kinaweza kukatwa, sekunde tatu tu, na hakuna atakayejua kilikuwepo.

Mama akageuka. "Kinakatwa?"

"Kinakatwa, mama."

Akakivuta kigoda ndani hatua moja. Akaomba aone. Baba Neema akakata, akaunga, mshenga akaruka kutoka neno hadi neno bila mnong'ono. Kigoda kikasogea tena. Mama akauliza kama pale anapojikuna panaweza kutoka. Pakatoka. Na pale mama mdogo alipovaa viatu visivyolingana? Vikatoka. Na ile hotuba, mshenga asiibiwe yote, lakini ipunguzwe nusu. Ukwe ukasahaulika, mama akawa amekaa bega kwa bega na mkwewe, kidole kwenye kioo: kata hapa, kata pale, huyu jirani hakuchanga, mtoe. Saa moja na nusu ikawa dakika 50, na ng'ombe wote bado wamo, maana hao ndio hakutaka waguswe.

Ilikuwa usiku sana alipokiangalia kile kikosi cha ng'ombe mara ya mwisho, akasita kwa yule wa mwisho, akamgeukia Baba Neema kwa upole ambao sijawahi kuuona.

"Baba," akasema, "na huyu huwezi kumnenepesha kidogo kabla kaka yenu hajamwona?"