Msichana anafuata nini kwenye kompyuta?

Alhamisi ya nne ya Aprili kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA. Wanafunzi hukusanywa ukumbini, wahandisi wanawake huwasimulia walikopitia, na matumaini ni kwamba wakimwona dada aliyefika nao watatamani kufika. Wapo wanaoona ni kazi bure: msichana huvutwa na ajira, wanasema, na mkopo wa chuo utamfaa kuliko hotuba.

Hoja ya ajira ina uzito, ila watu huitamka kwa haya. Shirika la AkiraChix, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake wa fani hiyohiyo, huwachukua wasichana wa familia zenye kipato kidogo na kuwafundisha kuandika programu kwa mwaka mzima bila ada, malazi yakiwemo. Msichana wa hali hiyo akisema amefuata mshahara ili asomeshe wadogo zake, hajakosea lolote. Mvulana anayesomea uhandisi hatumuulizi kama anaupenda kutoka moyoni.

Lakini mshahara hauelezi yaliyotokea Kisumu. Mwaka 2017 wanafunzi 5 wa shule ya sekondari ya Kisumu Girls walitengeneza i-Cut, programu ya simu ya kumwezesha msichana anayekabiliwa na ukeketaji kuomba msaada na kutoa taarifa. Walifika nayo hadi California, kwenye fainali za Technovation, mashindano ya kimataifa ya wasichana wanaobuni programu. Wao ni Waluo, jamii isiyokeketa. Walisimulia kwamba rafiki yao alikeketwa na hakurudi tena shuleni. Uchungu wa rafiki uliwakalisha mbele ya kompyuta kabla ajira haijatajwa. Nguvu ya namna hiyo naiamini sana, kwa sababu haisubiri soko la kazi litulie.

Ninachoona pande zote mbili zimekisahau ni kidato cha pili. Kwa miaka mingi Tanzania, mwanafunzi akiingia kidato cha tatu ameweza kuacha fizikia na kemia. Uamuzi huo msichana huufanya akiwa bado mdogo, pengine katika shule isiyo na maabara, na jioni nyumbani ndoo za maji zinamsubiri yeye, si kaka yake. Akiyaacha masomo hayo, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) ameshaukosa. Ufadhili wa Samia wa masomo ya chuo kikuu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwapata waliofaulu sana sayansi kidato cha sita. Wa kwetu huyu alishatoka njiani miaka minne kabla. Kwa hiyo shule 26 za bweni za sayansi kwa wasichana, moja kila mkoa wa Tanzania Bara, nazipa thamani zaidi: bwenini jioni ni ya kusoma.

Wahandisi wale wa Aprili nisingewaondoa. Ningewapeleka shule za kata, kwa kidato cha kwanza, na siku ya kikao cha wazazi, maana anayepanga nani achote maji ni mzazi.