Meneja wa Operesheni za Ndege Apewe Mamlaka Yanayolingana na Wajibu Wake

Mazungumzo kuhusu kuridhika kazini katika kampuni za ndege za kukodi hapa Nairobi huanzia kwenye mshahara, na mara nyingi huishia hapo hapo. Siudharau mshahara, kwani karo na kodi ya nyumba hazilipwi kwa sifa. Hata hivyo, katika muda niliofanya kazi kwenye ofisi za operesheni katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, mameneja niliowaona wakivunjika moyo hawakuwa wale waliolipwa kidogo kuliko wenzao, bali wale waliobebeshwa wajibu wote wa safari huku wakinyimwa mamlaka ya kuizuia.

Kazi yenyewe ni pana kuliko abiria anavyoweza kufikiri. Meneja hupanga zamu za marubani, huhakikisha kwamba fundi ametia sahihi kwenye kitabu cha ndege, hufuatilia vibali vya kuingia anga ya Sudan Kusini au Somalia, na hujua ni wapi mafuta yatapatikana njiani. Wilson uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, hasa jua la mchana linapowaka, ndege ndogo haiwezi kubeba mzigo ambao ingeubeba Mombasa asubuhi. Mtu anayemwambia mteja tajiri kwamba masanduku mawili yatabaki ni huyo meneja, na asiposema, rubani ndiye atakayelipa gharama ya ukimya wake.

Niliwahi kushuhudia alasiri moja ya masika ambapo mhudumu wa kambi ya watalii ya Maasai Mara alipiga simu kusema kwamba uwanja wao wa ndege, ambao ni wa udongo wa murram, umelowa kiasi kwamba magurudumu ya gari lake yalikuwa yakizama. Meneja wetu aliamua ndege isubiri. Abiria waliokuwa huko, ambao walipaswa kuunganisha safari ya Ulaya usiku ule kutoka JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, walimpigia mmiliki wa kampuni, naye mmiliki akampigia rubani moja kwa moja na kumwamuru aondoke. Viwanja vya porini havina taa na jua hutua mnamo saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo muda wa kufikiri ulikuwa mfupi. Ndege ilikwenda, ikatua, kisha ikakwama topeni hadi kesho yake. Barua ya kutakiwa kujieleza haikuandikiwa mmiliki. Aliandikiwa meneja, yule yule aliyekuwa amekataa.

Aliyepitia jambo kama hilo haponywi na nyongeza ya mshahara, kwa sababu anajua kwamba siku nyingine atakataa tena, atarukwa tena, na lawama zitarudi mezani pake. Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinataka kila kampuni imtaje kiongozi mmoja anayebeba wajibu wa mwisho wa usalama. Kwa maoni yangu, kampuni nyingi ndogo zinalitimiza sharti hilo kwenye makaratasi, ilhali uamuzi wa kila siku hufanywa na yeyote mwenye simu ya mteja.

Kuna pia suala la mapumziko. Saa za kazi za rubani zimewekewa kikomo, na meneja ndiye anayezihesabu kwa uangalifu mkubwa. Zake mwenyewe hazihesabiwi na mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, lakini kuanzia Julai hadi Oktoba, watalii wanapofurika Mara kuwatazama nyumbu, likizo ya meneja huahirishwa na simu yake haizimwi hata usiku wa manane. Uchovu wa mtu huyu ni hatari kwa ndege kama ulivyo uchovu wa rubani, nami nashangaa kwamba tunauzungumzia kana kwamba ni bidii.

Ninachowaomba wamiliki hakihitaji fedha nyingi. Meneja akishasimamisha safari, atakayeibatilisha amri hiyo aandike jina lake na sababu zake kwenye kumbukumbu ya safari kabla injini haijawashwa. Simu ya dharura ishikwe kwa zamu na watu wawili au zaidi, na yule ambaye si zamu yake asitafutwe. Mshahara wa msaidizi mmoja wa kushika zamu hizo ni mzito kwa kampuni yenye ndege tatu, nakubali, lakini kampuni hiyo hiyo hulipa zaidi kila meneja mzoefu anapoondoka na kumwachia mgeni kiti ambacho huchukua miezi mingi kukizoea.