Skrini ya Kubonyeza Bado Ina Kazi Uganda

Mafundi wengi wa simu hapa Kampala wakiletewa kifaa chenye skrini ya kubonyeza, ile ya zamani inayokubali hata ukucha, humshauri mwenyewe anunue kingine. Wana sababu. Skrini ya kioo tuliyoizoea tangu iPhone ya 2007 huonekana vizuri zaidi juani, hupokea vidole viwili kwa pamoja, na haichubuki upesi kama plastiki laini ya mwenzake. Lakini hukumu hiyo hutolewa kwa kidole kitupu, tena kikavu.

Skrini ya kioo haipimi nguvu ya kidole. Mwili wetu hupitisha umeme, na kidole kikisogea, chaji iliyo chini ya kioo hubadilika. Chochote kinachowekwa katikati hukitenga kidole na chaji hiyo. Glavu moja nyembamba ya mpira, ikibana ngozi, mara nyingi haizuii kitu. Vaa ya pili, au iache ncha ibaki na hewa, na ishara inafifia. Mwendesha boda aliyefunika simu kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki, anaijua adha hii: kavera lenyewe ni jembamba, tatizo ni hewa iliyonaswa ndani. Mvua nayo, kwa kuwa maji hupitisha umeme, huweza kuhesabiwa kuwa kidole.

Ya kubonyeza ina tabaka mbili zilizoachana kidogo mno. Zikigusana, mahali panajulikana, iwe umebonyeza kwa kidole, glavu nene au mfuniko wa kalamu. Kinachoishinda ni kioo kigumu kikibandikwa juu yake, kwa sababu hakipindi.

Ninayemfikiria zaidi ni mhudumu wa afya. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende Septemba 2022 uliambukiza wahudumu 19, na 7 kati yao wakafariki. Sisemi skrini ilihusika. Nasema kwamba katika wodi kama ile mtu huvaa glavu mbili, mikono imelowa klorini, na mgonjwa anasubiri kuandikwa joto lake. Skrini ikikataa mara ya tatu, atafanya nini? Atakariri namba kichwani mpaka atoke nje, ambako huenda akaikosea. Au atashawishika kuvua glavu ya juu, jambo ambalo hakuna anayepaswa kulifikiria mle ndani.

Wapo watakaosema simu nyingi sasa zina mpangilio wa glavu. Ni kweli, na husaidia. Ila mpangilio huo huongeza wepesi wa skrini kuhisi, na wepesi huohuo unaweza kuifanya ihangaishwe zaidi na matone.

Kwa hiyo anayeagiza tableti za wodi avae glavu mbili, aloweshe mikono, kisha aandike jina zima na joto la mwili, mara kumi mfululizo. Baadhi ya skrini za kioo zitafaulu, na hizo zinunuliwe. Ila ya kubonyeza iwekwe mezani katika jaribio hilohilo.